Mguu Usio na Mwenyewe

Miguu ilikuwa mitano juu ya rafu, yote ya kushoto, imepangwa kama viatu mlangoni mwa nyumba yenye wageni. Minne ilifungwa kikaratasi chenye jina la mtu. Wa tano, mfupi kuliko yote, nao ulikuwa na kikaratasi chake, ila kilikuwa cheupe pande zote mbili.

Koplo aliushika, akaugeuza, akaugonga kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti sokoni.

"Huu wa nani?"

"Hauna mwenyewe, afande."

"Mguu unakosaje mwenyewe?"

"Karatasi ilitoka kwenye kompyuta na vipimo vyote, jina hakuna. Mimi karatasi ikitoka nachonga. Nikianza kuuliza maswali, meneja ataniuliza kazi iko wapi."

Aliyejibu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, kope zimejaa vumbi jeupe la plasta. Karakanani walimwita Bi Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo ndiyo aliyopima wateja wa miguu ya kulia. Siku nyingine zote alichonga. Miguu ya kushoto ilikuwa ya Jumanne, na Jumanne ilikuwa ya Mzee Futi. Karakana hiyo ya miguu ya bandia ilijigawia kazi hivyo tangu ilipofunguliwa, kwa sababu mashine ya kuchonga ilikubali upande mmoja tu kwa wakati, na kuigeuza kulikula nusu siku na matusi mengi.

Koplo aliurudisha mguu mahali pake. Upolisi alikuwa amestaafu miaka mitatu, lakini cheo kiligoma kustaafu. Hata wajukuu walimwita Koplo. Bodi ya karakana ilimwita Ijumaa, ikampa faili jembamba na siku nne. Leo ilikuwa ya nne. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu asubuhi. Saa sita bodi ingekaa, na ajenda ilikuwa moja tu: kumfukuza Mzee Futi kazini na kumkabidhi polisi kwa kuharibu kazi makusudi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne ya wiki mbili zilizopita watu sita waliandikiwa kupimwa, watano wakaja. Mzee Futi aliwapima, akaingiza vipimo kwenye fomu ya kompyuta, akahifadhi, akaenda zake nyumbani. Miguu ilipokuwa tayari, ikawa vituko. Mshonaji, mwanamke mrefu ambaye vichwa vya milango vilimjua, alivishwa mguu mfupi akainama upande kama meza yenye guu bovu. Refa wa mpira alipewa mguu mrefu hata akatembea kama anayepanda ngazi. Mkutubi, mama mfupi wa maktaba, alipewa mguu uliomnyanyua bega la kushoto hadi sikioni. Fundi viatu hakupewa kitu. Kompyuta ilisema hajawahi kupimwa. Aliyetoka salama alikuwa mmoja tu, mwalimu wa kwaya. Mguu wake ulimkaa kama alizaliwa nao.

Na mwalimu wa kwaya alikuwa shemeji yake Mzee Futi.

"Unahitaji ushahidi gani zaidi?" meneja alimuuliza Koplo ofisini kwake. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na maneno yake yalipigwa pasi vilevile. "Shemeji yake amepata, wengine wamekosa. Mzee amegombana na kompyuta tangu siku ya kwanza. Mwezi uliopita, fomu mpya ilipoanza, alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema mashine itatuvisha miguu ya watu wengine. Sasa ameitimiza mwenyewe ili tumrudishie daftari lake la vipimo."

"Fomu ilitengenezwa na nani?"

"Na mdogo wangu," meneja alisema, na kifua kikatangulia. "Hapa tunamwita Mtaalamu. Ameijaribu mara hamsini."

"Na hii?" Koplo alinyoosha kidole kwenye bahasha ya kaki iliyopigwa mihuri mitatu.

"Futi ya mzee ya kupimia. Nimeizuia kama kielelezo. Huenda imechezewa."

Koplo aliibonyeza bahasha. Ndani kulikuwa na kitu laini, kimeviringwa. Akaiweka kwenye mkoba wake. "Kielelezo hukaa na mpelelezi," alisema, na meneja akabaki na mkono hewani.

Mzee Futi alikuwa kwenye benchi la korido, mikono mapajani. Miaka ishirini na sita futi ilikuwa shingoni mwake kutoka asubuhi hadi jioni, na bila futi shingo ile ilionekana nyembamba, kama ya mtu aliyetoka kunyolewa.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kujifunza kupima. Niambie siku ile ulifanya nini. Nieleze kama vile mimi ndiyo mikono yako."

Mzee alimtazama kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, akakaa vizuri.

"Naingia. Nawasha kompyuta. Fomu inakuja na majina sita, kila jina na mstari wake, kila mstari na visanduku vyake vya kuandikia. Natazama benchi: nani yupo, nani hayupo. Asiyekuwepo namwondoa kwanza. Kuna alama ya mkasi pembeni, unaibonyeza, mtu anatoka, wa chini wanapanda."

"Kwa nini kwanza?"

"Sipendi kupima huku jina la mtu asiyekuwepo linanikodolea macho. Marehemu mke wangu alikuwa hivyo hivyo. Kitambaa cha mteja ambaye hajaja hakilali mezani. Alikuwa mshonaji. Ile futi waliyonichukulia ni yake."

Akasugua shingo pale futi ilipozoea kukaa.

"Siku ile nani hakuja?"

"Kinyozi. Alikuwa wa pili kwenye orodha. Nikamwondoa, nikaanza. Napima, nataja kipimo kwa sauti, mteja anarudia. 'Sema na wewe,' namwambia. Asiporudia simwachii. Halafu ndiyo naandika."

"Kurudia ni kwa ajili gani?"

"Mtu anayejua kipimo chake hapunjwi. Nayo nimejifunza kwa marehemu."

"Uliandika kila mtu kwenye mstari wake?"

"Mwanangu, nilivaa miwani. Jina hili, kipimo hiki. Niliviona kwa macho yangu, vimekaa sawasawa kama mistari ya madaftari ya shule. Nikahifadhi. Nikaondoka." Akatikisa kichwa. "Na lile neno la mguu wa mtu mwingine, kweli nililisema. Nilikuwa na hasira ya daftari. Mdomo wangu huu, mimi na wewe tutautafutia kufuli."

Koplo alirudi karakanani. Kwenye faili kulikuwa na jambo moja lililomkaa kooni: kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kuwa siku ile fomu ilifunguliwa tena saa tisa alasiri, kwa nywila ya Mzee Futi, na saa tisa mzee alikuwa ameshafika kwake, karakanani amebaki Bi Alhamisi peke yake.

Alimkuta Bi Alhamisi akifagia. Akafunga mlango, akaketi juu ya meza ya kazi.

"Saa tisa ile ulikuwa unatafuta nini kwenye fomu ya mzee?"

Fagio lilisimama. Bi Alhamisi aliliweka ukutani.

"Nilichapisha karatasi, afande. Mzee aliiacha kompyuta wazi. Sikugusa kitu kingine, nakula kiapo."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Ningesema, ungekuwa na watu wawili wa kufukuza." Machozi yalimlengalenga, akayafuta, vumbi la plasta likawa uji. "Watu wanasema naitaka Jumanne yake. Sisi wawili hatusemeshani tangu aliponigombeza kwa kukalia kiti chake. Ule mstari usio na jina niliuona. Ningemuuliza. Kiburi tu."

Koplo alimwacha apenge kamasi. Mkono uliobadilisha vipimo ungetafuta pa kujificha; huu ulikuwa umejianika wenyewe. Lakini aliuliza jambo la mwisho, kama mtu anayefunga kitabu.

"Alhamisi ya wiki ileile, wateja wote walikuja?"

"Wawili hawakuja."

"Na miguu yako?"

"Yote sawa. Ndiyo maana meneja anasema fomu haina tatizo. Anasema mbona mimi pia nilikuwa na watoro."

"Hao watoro uliwaondoa saa ngapi?"

"Mwishoni, nikishamaliza kupima wote. Asubuhi benchi limejaa, nani ana muda wa kuondoa majina?"

Koplo alisimama. Kalamu yake ilikuwa imebaki katikati ya neno.

"Rudia."

"Mwishoni, afande. Kwani ni kosa?"

"Hapana, mama. Wewe fagia."

Mtaalamu alikuwa kwenye chumba kidogo chenye kompyuta mbili na kikombe kilichosahauliwa. Alimpokea Koplo kwa tabasamu la daktari anayemsikiliza mgonjwa asiyeumwa.

"Afande, tazama." Akafungua fomu, akaita majina sita ya uongo, akajaza mstari baada ya mstari, vidole vikiruka. Akahifadhi. Akafunga. Akafungua tena. Kila kipimo kilikuwa kwa mwenyewe. "Kila kisanduku kinasikilizwa. Ukibadilisha hata tarakimu moja, programu inajua hapohapo. Hii ya mzee ni mkono wa mzee."

"Mara hamsini umejaribu hivi?"

"Hivi hivi."

"Hongera," Koplo alisema. "Saa sita njoo nayo kwenye chumba cha majaribio. Bodi itapenda kuiona."

Zilibaki dakika arobaini. Wateja watano walikuwa wameshafika, maana bodi iliwaita waje kutoa malalamiko, na walikuwa wakiyafanyia mazoezi kwenye chumba cha kusubiri. Koplo aliketi katikati yao na bahasha nyingine, tupu, na kalamu.

"Sina maswali marefu," alisema. "Mzee alipokupima, alikuambia useme namba. Ulisema ngapi?"

"Arobaini na nne," alijibu mwalimu wa kwaya bila kufikiri, kwa sauti ya chini iliyojaza chumba.

"Thelathini na tisa," alisema fundi viatu. "Naikumbuka kwa sababu ni saizi ya kiatu cha mke wangu. Halafu wananiambia sijapimwa! Namba nimeipata wapi, kwenye ndoto?"

"Arobaini na saba," alisema mshonaji. "Mimi na vipimo, afande, ndiyo ugali wangu."

"Arobaini na mbili," refa alisema. "Na ningekuwa na kadi nyekundu nisingeipa karakana hii moja tu."

Mkutubi alivua miwani, akaipangusa. "Thelathini na sita. Niliirudia kwa aibu kidogo. Sikujua kuwa ni mfupi hivyo."

Koplo aliandika namba tano upande wa kushoto wa bahasha. Upande wa kulia akaandika zile zilizokuwa kwenye kompyuta. Mwalimu, arobaini na nne. Fundi viatu, hakuna. Mshonaji, thelathini na tisa. Refa, arobaini na saba. Mkutubi, arobaini na mbili. Na asiye na jina, thelathini na sita.

Aliitazama bahasha ile kwa muda mrefu. Halafu akacheka peke yake, kicheko kifupi kilichomtoka puani, na wateja wote wakamgeukia.

"Kuna nini?" refa aliuliza.

"Hakuna kilichopotea," Koplo alisema. "Watu watano, miguu mitano. Twendeni."

Chumba cha majaribio kilikuwa na reli mbili za chuma za kushikia, kioo kikubwa ukutani na sakafu iliyochakazwa na hatua za kwanza za watu wengi. Wajumbe watatu wa bodi walikaa nyuma ya meza. Meneja alisimama kando yao. Mzee Futi alipewa kiti pembeni, mbali na wote, kama mtoto aliyeadhibiwa. Bi Alhamisi aliingiza miguu mitano kwenye toroli, na mwalimu wa kwaya akajichukulia wake, akauvaa.

Mwenyekiti wa bodi, mama mwenye sauti ya mkwaruzo, alitazama saa. "Koplo, una ripoti?"

"Ninayo, mwenyekiti, lakini haiko kwenye karatasi. Mshonaji, njoo."

Mshonaji alikuja kwa mikongojo. Koplo alichukua torolini mguu wenye jina la refa, akamwelekezea.

"Huo si wangu," mshonaji alisema. "Una jina la mwanamume."

"Uvae."

Bi Alhamisi alipiga magoti, akafunga mikanda. Mshonaji alishika reli, akasimama. Kiuno kilinyooka. Mabega yakalingana. Alipiga hatua moja, ya pili, ya tatu, halafu akaziachia reli na mikono yake mirefu ikaning'inia hewani kama haijui kazi nyingine.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Ni wangu. Huu ni wangu!"

"Refa."

Refa alivishwa mguu wenye jina la mkutubi. Alikwenda hadi kwenye kioo, akageuka ghafla kama anayefukuza mpira, akarudi. Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mbinja iliyowafanya wajumbe waruke vitini.

"Fundi viatu."

"Mimi sina mguu, afande. Mimi sijapimwa, hujasikia?" Lakini tayari alikuwa njiani. Mguu aliopewa ulikuwa na jina la mshonaji. Ulimkaa. Fundi viatu aliutazama kutoka juu mpaka chini, akauchunguza unyayo kwa jicho la kazi yake, akasema, "Kisigino nitakirekebisha mwenyewe," halafu akageukia ukuta.

Ukabaki mguu mmoja torolini, ule wenye kikaratasi cheupe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mkutubi alijiendea mwenyewe. Alipofungwa mikanda na kusimama, bega lake la kushoto lilishuka likakaa mahali pake, akatembea kutoka reli hadi meza ya bodi kimyakimya, kwa adabu ya maktaba, akamsalimia mwenyekiti kwa mkono, akarudi.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeanza kupiga makofi. Chumba kizima kikamfuata. Mzee Futi hakupiga. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, anatazama miguu inavyokwenda na kurudi.

Meneja aliinua mkono mpaka makofi yakaisha. "Vizuri sana. Kwa hiyo alipima sawa, kisha akaandika kwa watu wasiohusika. Hapo ndipo penye hila! Kompyuta haiwezi kufanya hivyo."

"Swali zuri," Koplo alisema. "Mtaalamu, tuonyeshe."

Mtaalamu alikwishaunganisha kompyuta na skrini ya ukutani. Aliita majina sita ya siku ile na kuanza kujaza kutoka juu.

"Ngoja. Leo utakuwa Mzee Futi. Kinyozi hajaja. Mzee alifanya nini?"

"Alimwondoa."

"Lini?"

Mtaalamu alimtazama mzee pembeni. "Kwanza," alisema mzee. "Kabla ya yote."

"Mwondoe kwanza," Koplo alisema.

Mtaalamu alibonyeza mkasi. Jina la kinyozi likatoweka, na majina manne ya chini yakapanda. Koplo akasoma bahasha, Mtaalamu akaandika: mwalimu arobaini na nne, fundi viatu thelathini na tisa, mshonaji arobaini na saba, refa arobaini na mbili, mkutubi thelathini na sita. Kwenye skrini kila namba ilikaa mbele ya jina lake, safi kabisa.

"Mnaona?" meneja alisema. "Hakuna kosa."

"Hata mzee hakuona kosa. Hifadhi. Funga. Sasa fungua tena."

Fomu ikafunguka. Mbele ya jina la fundi viatu, visanduku vilikuwa vitupu. Thelathini na tisa yake ilikuwa kwa mshonaji. Arobaini na saba ya mshonaji ilikuwa kwa refa. Arobaini na mbili ya refa kwa mkutubi. Na chini kabisa, kwenye mstari usio na jina la mtu, thelathini na sita.

Mtaalamu aliinamia kompyuta, akafungua programu yenyewe, akashuka nayo kwa kidole. Tabasamu la daktari lilikuwa limemwondoka zamani. Kidole kikasimama. Akashika kichwa.

"Kaka," alisema bila kugeuka. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyekosea. Si mzee." Akageuka kuwatazama wote, na kwa hilo Koplo alimhesabia heshima. "Fomu inapofunguka, kila mstari unapewa namba ya nafasi yake: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtu akiandika kwenye kisanduku, kisanduku kinapiga ukelele: 'Nafasi ya tatu imebadilika!' Na orodha inaandika kwenye nafasi ya tatu. Sasa ukimwondoa wa pili, watu wanasogea juu. Fundi viatu alikuwa wa tatu, sasa ni wa pili. Lakini kisanduku chake hakikuambiwa. Bado kinapiga ukelele wa nafasi ya tatu, na kwenye nafasi ya tatu sasa kuna mshonaji."

"Na wa mwisho anapiga ukelele wa nafasi ambayo haina mtu," mkutubi alisema polepole.

"Ndiyo, mama. Programu ikamtengenezea mstari mpya, bila jina."

"Na mimi?" mwalimu wa kwaya aliuliza.

"Wewe ulikuwa wa kwanza, juu ya kinyozi. Hukusogea."

Mwalimu alimgeukia meneja. "Kumbe sikupendelewa na shemeji. Nilipendelewa na foleni."

Watu waliangua kicheko, hata mjumbe mmoja wa bodi ambaye tangu kikao kianze alikuwa amenuna. Koplo aliwaacha wamalize, halafu akapigilia msumari wa mwisho.

"Bi Alhamisi huwaondoa watoro mwishoni, vipimo vikishaingia. Kwake visanduku vinapiga kelele kabla mtu hajasogea, kwa hiyo kila kitu kinakwenda sawa. Mtaalamu alijaribu mara hamsini bila kumwondoa mtu hata mmoja. Karakana nzima, mwenye mazoea ya kusafisha orodha kwanza ni mmoja tu. Mlimwona mkorofi kwa sababu ya nidhamu yake."

Mwenyekiti wa bodi aliivua miwani. "Hiki kidonda kinatibika?"

"Dakika kumi," Mtaalamu alisema, na vidole tayari vilikuwa kazini. "Kisanduku kisitaje nafasi. Kitaje namba ya kadi ya mteja. Nafasi inabadilika, kadi haibadiliki. Mtu apande, ashuke, kipimo kitamfuata yeye."

Zilikuwa dakika saba. Alipomaliza, hakujaribu mwenyewe. Alisimama, akakivuta kiti, akasema, "Babu, tafadhali. Uijaribu wewe."

Mzee Futi alikuja taratibu. Alikaa, akavaa miwani, akamwondoa kinyozi kwanza, kama kawaida yake. Akaandika namba tano. Akahifadhi, akafunga, akafungua. Kila namba ilikuwa kwa mwenyewe, na chini hapakuwa na mstari wowote wa ziada. Fundi viatu alipiga kelele kama mtu aliyeona goli. Refa akapiga mbinja ya pili. Bi Alhamisi alisogea nyuma ya kiti cha mzee, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, nisamehe. Ule mstari niliuona, nikanyamaza."

"Na mimi nilikugombeza kwa ajili ya kiti," mzee alijibu. "Tuseme tumelingana. Ila kiti bado ni changu."

"Daftari lake atarudishiwa leo," mwenyekiti alimwambia meneja, "na utamrudishia wewe, mbele ya wafanyakazi walewale." Pasi yote ilimtoka meneja. Akaitikia kwa kichwa.

Koplo alitoa bahasha ya kaki kwenye mkoba. Alivunja mhuri wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka, ili kila mtu aone. Futi ilitoka ikiwa imeviringwa, ya njano, tarakimu za mwanzo zimefutika kwa kushikwa na vidole vya watu wawili, miaka na miaka. Aliikunjua, akamvisha mzee shingoni kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee aliigusa ncha zote mbili. Hakuna aliyemharakisha.

Mlango uligongwa. Mtu mmoja kwa mikongojo aliingiza kichwa, nywele zimekatwa vizuri kuliko za mtu yeyote chumbani.

"Samahanini sana. Mimi ni kinyozi. Niliandikiwa Jumanne ile, homa ikanilaza, Jumanne iliyopita nayo ikanikuta kitandani. Nikasema leo nijaribu bahati." Aliwatazama watu wote wale waliomkodolea macho. "Sikuleta usumbufu wowote, jamani?"

Kicheko kilichozuka kilisikika mpaka barabarani. Mwalimu wa kwaya alilazimika kushika reli. Mwenyekiti alijifuta machozi kwa karatasi za ajenda. Kinyozi alicheka pia, kwa heshima, bila kujua anacheka nini.

Ni Mzee Futi peke yake aliyekuwa ameanza kazi. Alivuta kiti, akampiga kinyozi begani akae, akapiga magoti sakafuni, akaishusha futi kutoka shingoni na kuinyoosha kutoka gotini hadi chini. Akasoma. Akasoma tena, kwa kidole.

"Arobaini na moja," alisema. "Sema na wewe."

"Arobaini na moja," kinyozi alisema.

"Arobaini na moja!" chumba kizima kikaitikia.